Kionjo Kilichonyamaza

Wifi yangu Nakijwa ana mdomo mchafu hata akiwa ameweka jani ulimini. Asubuhi ile alikuwa amechuchumaa kwenye mteremko juu ya kijiji chetu, macho ameyafumba, anasikiliza ulimi wake, na bado akapata nafasi ya kunisema.

"Unachuma kama unang'oa nywele za adui. Taratibu basi! Ukiling'oa na mzizi, wiki ijayo tutakula udongo."

"Wewe onja, mimi nichume. Kila mtu na kazi yake."

"Kazi yako ndogo, Namkunda. Ndiyo maana unanenepa wakati wenzako wanakonda."

Nilimwambia afunge mdomo aonje vizuri. Sikuwa na hasira, nilikuwa na hofu. Watu husema mchumaji huzoea, lakini mimi sikuzoea. Kila Nakijwa alipogusisha jani kwenye ncha ya ulimi, nilisimamisha mikono, sikuchuma tena mpaka aseme "kimya".

"Kimya" ndilo neno tulilokuwa tunaishi kwalo. Kionjo ni kitu chembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Kinapandikizwa chini ya ulimi, kinashika kwenye mshipa, kinaishi kwa damu na mate ya aliyekibeba. Kikikutana na sumu kinachoma mpaka mtu anatema mwenyewe. Kikikutana na chakula kinanyamaza. Na vionjo vyote vya mlimani vinasikilizana kupitia mnara ulioko kileleni, kwa hiyo kimoja kikijua jambo, vyote vimelijua.

Tusingevihitaji kama majani yangebaki majani. Bibi yangu alichuma mnavu na mchicha pori maisha yake yote kwa macho na vidole. Jani usilolijua unalisugua kwenye mkono kwanza, uone kama linawasha. Matunda ya mnavu huyagusi yakiwa mabichi. Upupu unaujua kwa manyoya yake, unapita mbali na unamvuta mtoto mkono. Lakini kule tambarare kulikuwa na mashamba makubwa ambako watu walichezea vinasaba vya mimea, na upepo ukaleta chavua zake mpaka huku juu. Mahindi yetu yalipokufa kwa ugonjwa wa kutu tukarudi porini, tukakuta pori limebadilika. Jani la mnavu lilikuwa na harufu nyingine. Mchicha ulitoa maua ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Tukazika watu.

Ndipo vikaja vionjo, na mimi na Nakijwa tukapangwa pamoja, yeye mwonjaji, mimi mchumaji.

"Njoo uone huku," nikamwita. "Mchunga!"

Ulikuwa umejaa kwenye ukingo wa mtaro, mboga yetu ile chungu, umechipuka na mvua ya kwanza, majani marefu yenye meno pembeni, maua ya njano. Nikavunja moja, utomvu mweupe ukatoka. Mate yalinijaa mdomoni. Mtu wa kwetu ukimwonyesha mchunga baada ya njaa, anaweza kulia.

Nikaligeuza jani. Mishipa ya chini ilikuwa ya zambarau.

"Mbona umekuwa hivi?"

"Baridi hiyo," Nakijwa akasema. "Lete."

Akaliweka ulimini. Nikasubiri.

"Kimya," akasema, akatabasamu. "Na uchungu wake ndio wenyewe kabisa. Ukiupika na karanga, wifi, kaka yangu atakuoa mara ya pili."

Haki ya mwonjaji ni kiganja cha kwanza. Akajaza kiganja, akatafuna majani mabichi kwa raha, akameza. Mimi nikapiga magoti, nikaanza kujaza kikapu.

Kikapu hakijafika nusu nilipomsikia akiniita kwa sauti ya chini.

"Namkunda. Midomo yangu iko wapi?"

Nikadhani utani. Nikageuka na jibu langu tayari. Alikuwa ameketi chini, anajipapasa usoni kwa vidole vyote, akivutavuta mdomo wa chini.

"Siisikii. Na ulimi nao unakwenda."

"Kimechoma?"

"Hakijachoma. Kimya kabisa." Akanitazama. Mboni za macho yake zilikuwa zimepanuka, nyeusi tupu, na jua lilikuwa linamwakia usoni. "Mungu wangu. Kwa nini hakikuchoma?"

Sote wawili tulijua kwa nini.

Kionjo cha kwanza walichotuletea kilikuwa kinachoma kwenye kila kitu kichungu. Aliyekitengeneza hakuwa mtu wa huku. Alidhani uchungu na sumu ni ndugu. Kikauchoma mchunga wetu, na mlima mzima ukaja juu. Tule nini sasa? Mchunga tumeula tangu tunaota meno! Yule mtaalamu akatueleza kwamba kinaweza kufundishwa, ila akatuonya tukifundishe kidogokidogo. Nani alimsikiliza? Waonjaji wote wakatafuna mchunga msimu mzima, asubuhi na jioni, wakivumilia kuchomwa, mpaka vionjo vikachoka na kuacha kuushtukia uchungu ule. Siku vilipoacha tulipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilipiga mpaka sauti ikakauka.

Sasa jani jingine lilikuwa limekuja limevaa uchungu uleule, na sisi ndio tuliokuwa tumelifungulia mlango.

"Dawa," Nakijwa akasema. "Nipe dawa haraka."

Dawa ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, kichupa kidogo cha kioo nilichokifunga fundo. Kila jozi ilipewa kimoja. Hakishiki mwonjaji, anakishika mchumaji, kwa sababu mwanzoni waonjaji walikuwa wanakunywa kwa kila mshtuko, hata kwa kiungulia. Nikaanza kufungua fundo. Fundo lilikuwa limekaza, likagoma.

"Fanya haraka, Namkunda! Mikono inakufa ganzi!"

"Nafanya! Usinipigie kelele!"

Nikainua macho, sijui kwa nini, nikatazama ng'ambo ya bonde.

Ng'ambo kuna Kambi ya watoto. Tuliwapeleka kule wote wenye umri wa kwenda shule, kwa sababu kule kuna tangi la maji ambalo halijakauka. Wanavaa masweta ya njano ili wasipotee kwenye ukungu. Siku ile hakukuwa na ukungu. Niliwaona wametawanyika kwenye mteremko wao, masweta mengi ya njano, wote wameinama wanachuma. Mvua iliyonyesha kwetu ilikuwa imenyesha na kwao. Na kionjo cha Nakijwa kilipolipitisha lile jani, mnara ulipeleka habari kwa mwonjaji wa Kambi kwamba jani hili jipya ni chakula. Sufuria la Kambi linabandikwa mchana, na jua lilikuwa limeshapanda sana.

Binti yangu Nanzia alikuwa mmoja wa wale wenye masweta.

Nikapiga kelele. Nilipaza sauti mpaka kifua kikauma, nikapunga kanga, nikaruka. Bonde ni pana. Upepo ulikuwa unatujia sisi. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Kushuka mpaka mtoni na kupanda ng'ambo ni kazi ya kutwa hata kwa kijana, na simu tulizikosa siku nyingi, mnara wetu umebaki kuhudumia vionjo tu.

"Unamwita nani?" Nakijwa akauliza. Alikuwa amelala ubavu. "Dawa, wifi."

Ndipo maneno ya yule mtaalamu yakanirudia, yale aliyoyasema siku ya kutugawia vichupa, nasi tukaitikia kwa vichwa ili amalize twende zetu. Alisema kionjo hakijui sumu mpya kwa kuionja tu. Kinaijua kwa mwili wa aliyeila. Kinasoma damu, kinasoma moyo, mpaka moyo unapopotea njia ndipo kinakata shauri, kinawaka buluu, kinatuma habari mnarani. Lakini dawa ikiingia kabla, kinaona mwili umetulia, na kinahukumu kwamba jani halina neno. "Msiwahi sana," alisema. "Wala msichelewe."

Na nikaelewa jambo jingine. Siku ya kutupanga jozi, Baraza la mlima lilikataa mtu kupangwa na dada yake, au mama na binti yake. Walitupanga mawifi. Sisi tulicheka, tukasema wazee wanataka tupigane porini tuwape cha kusimulia. Kumbe walikuwa wamepiga hesabu zao. Dada angetoa dawa mara moja.

Fundo lilikuwa limeshafunguka. Kichupa kilikuwa kwenye kiganja changu, kina joto la mwili wangu. Nakijwa hakukiona, nilikuwa nimempa mgongo.

Naomba mtu asiniambie angefanya nini. Watu wengi wameniambia, wamekaa kwenye viti, wameshiba. Nilikuwa na mtu mmoja nyuma yangu na watoto mbele yangu, na wote niliweza kuwaona kwa macho. Nilikuwa naogopa mpaka mkojo ulinitoka, nausema hivyo hivyo. Na katikati ya hofu hiyo likapita wazo kwamba huyu ni mwanamke aliyenitukana tangu siku ya harusi yangu, aliyesema mbele ya watu kwamba mchuzi wangu una ladha ya maji ya kunawa. Lilipita haraka. Lakini lilipita, na mpaka leo linanitisha kuliko yote.

Nikakirudisha kichupa kwenye pindo, nikafunga fundo.

"Imevunjika," nikasema.

"Nini?"

"Dawa. Nilipopiga magoti kuchuma. Imevunjika, wifi, imemwagika yote."

Akajaribu kuinuka, akashindwa. Kisha akaanza kulia bila machozi, maana macho yake yalikuwa yamekauka.

"Usinifanyie hivi. Niapie."

"Naapa."

"Niapie kwa Nanzia."

Nikatazama ng'ambo. Baadhi ya masweta yalikuwa yameanza kupanda kuelekea jikoni, vikapu vichwani.

"Naapa kwa Nanzia," nikasema. "Imevunjika."

Nikaja nikakaa nyuma yake, nikampakata kichwa mapajani. Ngozi yake ilikuwa inawaka na vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nikamfungua mdomo, nikainua ulimi kwa kidole. Kionjo kilikuwa cheupe, kimelala, hakina habari.

"Waka," nikakiambia. "Waka basi, mshenzi wewe."

Nakijwa akaanza kuwaona watu. Akamsalimia mama yake, aliyekufa zamani. Akamwambia aingie ndani, mvua itamlowesha, na hapo jua lilikuwa kali. Akaniita mimi kwa jina la dada yake. Akaniomba maji, nikaogopa kumpa, sikujua kama maji yatachelewesha. Fikiria hilo, mtu anakufa anaomba maji na wewe unapiga hesabu. Nikamlowesha midomo tu kwa pindo la kanga, pindo lilelile lenye fundo, na shavu lake likakigusa kichupa. Akatulia kidogo. Nikadhani hakuhisi.

Kisha mwili wake ukaanza kukakamaa. Miguu ilipiga ardhi, majani ya mchunga wa uongo yakapondeka chini ya visigino vyake na harufu yake ikapanda, harufu nzuri ya mboga. Nilimkumbatia asijiumize. Niliweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakimbia, unasimama, unakimbia tena. Kila uliposimama na mimi nilisimama kupumua.

Nikamfungua mdomo. Kimelala.

Ng'ambo, moshi ulianza kutoka jikoni mwa Kambi.

"Eh Mungu, wanabandika," nikasema kwa sauti. "Wanabandika, Nakijwa! Hebu... hebu..." Sikumalizia. Nilichotaka kusema ni "hebu fanya haraka", na maana yake naijua.

Nikaingiza kidole tena. Akaning'ata mpaka mfupani. Sikukitoa. Nikainua ulimi hivyohivyo damu yangu ikimwingia mdomoni, na chini ya ulimi, kwenye ule utando mweupe, kukatokea doa la buluu. Likakua, likawaka, likaangaza meno yake kwa ndani.

Sikumbuki kufungua fundo. Nadhani nililikata kwa meno. Nilivunja shingo ya kichupa, nikammiminia dawa ndani ya shavu, nikamsugua koo ashushe. Haikushuka. Nikamziba pua, nikamsugua tena, nikamtukana matusi yote ninayoyajua, na yeye ndiye aliyenifundisha mengi. Kifua chake kilikuwa kimetulia tuli. Nikaweka sikio sikusikia kitu.

Nikainua macho nikaona masweta ya njano yanakimbia. Yalikuwa yanatoka jikoni, yanakwenda ukingoni, yanamwaga vikapu. Mtu mzima mmoja alikuwa anawapokonya wengine vikapu, anavitupa. Kisha wawili wakatoka wamebeba sufuria kwa mpini wa jembe, wakalipindua kwenye korongo, na mvuke ukapanda.

Nililia kwa furaha nikiwa nimeshika maiti. Hivyo ndivyo nilivyojua, nimeshika maiti na nina furaha.

Kisha maiti ikakohoa.

*

Walikuja kumchukua kwa machela. Alilala nyumbani kwetu, kwenye chumba cha Nanzia, na mimi ndiye niliyemuuguza. Dawa ilikuwa imechelewa kwa macho yake. Mboni hazikurudi. Alisema anaona watu kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu, na mwanga wa dirisha ulimchoma.

Mume wangu Elinami aliniuliza mara moja tu ilikuwaje. Nikamwambia, "Muulize dada yako." Hakumuuliza. Nadhani naye aliogopa.

Nilingoja siku Nakijwa atakaposema. Nilikuwa najua atasema, hajawahi kufunga mdomo wake kwa jambo dogo, sembuse hili. Nilifunga nguo zangu kwenye kanga moja, nikaziweka chini ya kitanda.

Baraza lilipokuja, walijaa chumbani wakakaa mpaka sakafuni. Mzee Senkondo, mwenyekiti wao, akatoa pole ndefu. Akasema watoto wote wa Kambi wako salama, na jani lile sasa linachoma kwenye kila ulimi wa mlimani. Kisha akakohoa, akauliza alichokuja kuuliza.

"Binti yangu, dawa ulipewa saa ngapi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la uji. Mikono haikuweza kulishika, nikaliweka chini.

"Kionjo kilipowaka buluu," Nakijwa akasema. "Namkunda alitaka kunipa mapema. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia asubiri, kuna watoto."

Chumba kizima kikaguna. Wanawake wakalia. Mzee Senkondo akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono miwili. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimgusa miguu kidogo juu ya blanketi, na wengine wakanishika bega mimi pia, wakasema nina moyo.

Walipokwisha nikafunga mlango. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Asante, wifi."

"Ya nini?"

"Kwa kunifichia."

"Sijakufichia." Alikuwa ameelekeza uso kwangu, si sawasawa, kidogo pembeni. "Kichupa kilinigusa shavu. Nilikijua. Nilikuwa sioni, sina mikono, lakini nilikijua, na sikuelewa. Nililala pale najiuliza nimemkosea nini huyu mwanamke kiasi hiki. Ni mchuzi? Ni ule mchuzi?"

"Nakijwa, watoto walikuwa..."

"Najua sasa walikuwa wapi. Nimeambiwa nikiwa nimelala hapa, na jirani, amekuja kuniletea mayai." Akavuta pumzi. "Ungesema. 'Nakijwa, Nanzia yuko ng'ambo anachuma.' Maneno hayo tu. Ningekung'ata mkono usinipe hiyo dawa. Nani alimpokea yule mtoto siku anazaliwa?"

"Ni wewe."

"Nani alimbeba mgongoni ulipokuwa huwezi kusimama?"

"Ni wewe, wifi."

"Kwa hiyo nilichowaambia wazee ni kweli. Ndivyo ningefanya. Hukunipa nafasi tu."

Nikalia. Nikamwambia niliogopa. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyapanga usiku na mchana, na yote yakaisha kwenye hilo moja.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utakataa kungoja."

Akavuta blanketi mpaka kidevuni. Nje Elinami alikuwa anapasua kuni.

"Kufa kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu ningeweza," akasema. "Wewe ukanilaza pale nife bure."

Kisha akaniomba nisogeze pazia, mwanga unamuumiza. Nikasogeza. Akasema asante, kwa adabu, kama unavyomshukuru mgeni.